Ndege ya Topido na Mfano Wake Mdogo: Somo la Kipimo

Wahenga walinena, "Usione vyaelea, vimeundwa." Maneno haya yalisemwa kwa ajili ya vyombo vya baharini, lakini hata vyombo vya angani yanavihusu vilevile. Mtu aitazamapo ndege ipitayo juu haoni ila umbo lake, wala hasikii ila mngurumo wake. Haoni shauri refu walilofanya mafundi kabla ya kukata bati la kwanza: wapi pazidishwe, wapi papunguzwe, na nani atakayekaa mahali pa hatari.

Katika somo hili twataka kueleza habari za ndege moja ya vita iliyoundwa nchini Japani, iliyobeba topido na kuruka kutoka juu ya manowari. Tena twataka kuieleza pamoja na mfano wake mdogo wa plastiki, uuzwao katika masanduku kwa watu wapendao kuunda vitu kwa mikono. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, kazi iliyofanywa na ndege hiyo katika miaka ya 1941 na 1942 iligeuza vita vya baharini, na kishindo chake kilifika hata Kilindini. Pili, mfano wake wamfaa sana mwalimu atakaye kufundisha hesabu ya kipimo; na zaidi ya hayo, una jambo moja usilolisema sawasawa, na jambo hilo ndilo lenye mafunzo makubwa kuliko yote.

Ndege yenyewe

Katika mwaka 1935 wakuu wa manowari za Japani walitoa amri ya kutaka ndege mpya ya kushambulia meli. Kampuni ya Nakajima ikapewa kazi hiyo, na fundi mkuu wa umbo lake alikuwa Katsuji Nakamura. Ndege ya kwanza iliruka mwezi wa Januari 1937. Kampuni iliiita B5N. Wanamaji waliiita ndege ya namna ya 97, na maana ya hesabu hiyo ni rahisi: Wajapani walikuwa na hesabu yao ya miaka iliyoitangulia ya Kizungu kwa miaka 660, na mwaka 1937 ulikuwa kwao mwaka 2597. Basi wakatwaa tarakimu mbili za mwisho. Baadaye adui zao, yaani Wamarekani na Waingereza na wenzao, waliona taabu kuyashika majina ya Kijapani. Kwa hiyo katika mwaka 1942 wakazipa ndege za Japani majina mafupi ya watu. Ndege za kupigana zilipewa majina ya kiume, na ndege za mabomu majina ya kike. Hii ikaitwa Kate, nasi tutaiita hivyo ili kufupisha maneno.

Ndege iliyotumika sana katika vita ni ile ya pili katika jamaa yake, iitwayo B5N2. Urefu wake tangu pua hata mkia ulikuwa mita 10 na sentimita 30. Upana wa mabawa yake ulikuwa mita 15 na sentimita 52. Ilikuwa na injini moja ya silinda 14, yenye nguvu za farasi kiasi cha 1,000, na mbio zake kubwa zilikuwa kilomita 378 kwa saa. Mabawa yake yaliweza kukunjwa kwenda juu, hata ncha moja ikapita juu ya nyingine, na upana wake ukawa karibu nusu. Hilo lilikuwa jambo la lazima, kwa maana ndege hizi zilikaa ndani ya tumbo la manowari, zikapandishwa juu ya sitaha kwa jukwaa la kuinuliwa, nafasi nayo ilikuwa ndogo.

Ndani yake walikaa watu watatu, mmoja nyuma ya mwenzake. Wa mbele alikuwa rubani. Wa kati alikuwa mtazama njia, ambaye pia ndiye aliyelenga mabomu. Wa nyuma alikuwa mpeleka habari kwa simu ya upepo, naye alishika bombom moja ndogo ya kuwafukuza adui watokao nyuma. Jumla ya ndege hizi zilizoundwa ilikuwa kiasi cha 1,150.

Topido ni nini

Huenda wako wasomaji wasioijua topido. Ni chombo mfano wa samaki mrefu wa chuma, kiendacho chini ya maji kwa injini yake chenyewe, na katika kichwa chake mna baruti kali. Topido iliyochukuliwa na Kate ilikuwa na urefu wa mita 5 na zaidi, na unene wa sentimita 45, na uzito wa kilo 800 hivi. Baruti peke yake ilikuwa zaidi ya kilo 200. Ikiisha kuingia majini ilikwenda mbio za noti 42, yaani karibu kilomita 78 kwa saa.

Bomu litokalo juu huipiga meli katika sitaha. Topido huipiga ubavuni, chini ya maji, mahali ambapo tundu moja hualika bahari yote kuingia. Lakini mwenye kuitupa topido hana budi kufanya jambo la kuogofya. Lazima ashuke chini hata awe juu ya maji kwa kimo cha mnazi mrefu, apunguze mbio, anyoshe ndege yake sawasawa bila kuyumba, na kuielekea meli inayompiga risasi kwa mizinga yake yote. Akiyumba, topido huanguka vibaya na kupotea. Asipoyumba, yeye mwenyewe huwa shabaha nyepesi.

Kazi iliyofanywa Hawaii

Usiku wa tarehe 11 Novemba 1940, ndege 21 za Uingereza ziitwazo Swordfish, zenye mabawa ya mapacha na mbio ndogo, zilishambulia manowari za Italia katika bandari ya Taranto. Tatu katika manowari kubwa zilipigwa kwa topido. Watu wengi duniani walistaajabu, kwa kuwa ilidhaniwa kwamba bandari yenye maji machache ni ngome ya kutosha dhidi ya topido. Wajapani waliisoma habari hiyo kwa makini.

Manowari za Marekani zilikuwa zimetia nanga Pearl Harbor, katika visiwa vya Hawaii. Maji ya bandari hiyo yalikuwa na kina cha mita 12 hivi, yaani pima 6 na nusu. Topido ya kawaida ikitupwa kutoka hewani huzama kwanza chini sana kabla ya kuinuka, na katika bandari ile ingejichoma topeni. Basi mafundi wa Kijapani wakaifungia mkiani mapezi ya mbao. Mapezi hayo yaliinyosha topido ilipokuwa hewani, yakavunjika ilipogonga maji. Marubani nao wakajizoeza kupita chini sana katika ghuba ya Kagoshima, juu ya mji wenyewe na kuishukia bahari.

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 7 Desemba 1941, manowari 6 za kuchukua ndege zilirusha ndege zaidi ya 350 kwa makundi mawili. Katika kundi la kwanza walikuwamo Kate 40 wenye topido na Kate 49 wenye bomu moja zito la kilo 800 kila mmoja, lililofanyizwa kwa kuchonga upya kombora la mzinga mkubwa wa manowari. Kiongozi wa shambulio lote, Mitsuo Fuchida, alikuwa ndani ya Kate. Manowari Oklahoma ilipigwa kwa topido nyingi ikapinduka, na watu 429 wakafa ndani yake. Manowari Arizona ilipigwa na bomu lililotoka katika Kate iliyopita juu sana. Ghala ya baruti ikalipuka, wakafa watu 1,177. Wamarekani wote waliokufa siku ile walikuwa 2,403.

Wajapani walipoteza ndege 29. Katika hizo, 5 zilikuwa Kate za topido, na zote tano zilikuwa za manowari moja, Kaga. Mwalimu na awaulize wanafunzi wake sababu. Jibu ni kwamba ndege za mwanzo ziliwakuta watu wamelala au wanakula. Wale waliofuata nyuma yao waliwakuta wapiga mizinga wamekwisha kuamka na kushika silaha. Ndege ilikuwa ile ile, na mbio zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni kwamba sasa ilipigwa.

Kishindo kilichofika Kilindini

Baada ya hayo, mwezi wa Aprili 1942, manowari 5 katika zile 6 ziliingia Bahari ya Hindi. Tarehe 5 Aprili, Kate zaidi ya 50 pamoja na ndege nyingine zilishambulia bandari ya Colombo katika Ceylon, nchi ambayo leo huitwa Sri Lanka. Siku ile zilichukua mabomu, si topido. Tarehe 9 zikashambulia Trincomalee. Katika siku hizo hizo manowari za Uingereza Cornwall, Dorsetshire na Hermes zilizamishwa baharini. Lakini yafaa kusema kweli kwamba hizo tatu hazikuzamishwa na Kate, bali na ndege za namna nyingine, zile zinazopiga mbizi kutoka juu na kuachia bomu.

Jemadari wa manowari za Uingereza katika bahari hii alikuwa James Somerville. Aliona ya kuwa manowari zake kuu kuu, zenye mwendo wa pole, hazina kinga ya kutosha dhidi ya ndege nyingi namna ile. Ndipo sehemu kubwa ya kundi lake ikarudishwa nyuma hata Kilindini, Mombasa. Pamoja nazo walikuja wataalamu wa kusikiliza na kufumbua maandishi ya siri ya Kijapani, wakafanya kazi yao katika nyumba ya shule ya Allidina Visram mpaka mwaka 1943. Hivyo darasa lililojengwa kwa ajili ya watoto kujifunza hesabu likawa mahali pa hesabu za namna nyingine kabisa.

Tena askari wa Afrika ya Mashariki walivuka bahari kwenda kuilinda Ceylon, na baadaye, katika mwaka 1944, askari wa K.A.R. walipigana na Wajapani huko Burma. Kwa hiyo mzee wa kijiji chochote aliyeambiwa na baba yake au babu yake habari za Ceylon na Burma asidhani kwamba ndege hii ni jambo la mbali lisilomhusu. Njia iliyowapeleka vijana wale ng'ambo ilifunguliwa kwa sehemu na mabawa haya.

Mfano katika sanduku

Sasa natuuangalie mfano. Kampuni kadha wa kadha zimeutengeneza mfano wa Kate, mathalani Hasegawa ya Japani na Airfix ya Uingereza. Anunuaye hupata sanduku la karatasi ngumu, lenye picha ya ndege juu yake. Ndani mna viunzi vya plastiki, na katika kila kiunzi vipande vya ndege vimeshikamana kama matunda katika tawi, kila kipande na namba yake. Mna vioo vya plastiki ing'aayo vya kufunika watu watatu, mna topido, mna karatasi yenye duara nyekundu za kubandika mabawani, na mna karatasi ya maelezo ionyeshayo kipande gani kitangulie.

Mwenye kuunda hukata kipande kwa kisu kikali, hukikwaruza kwa msasa, hukijaribu mahali pake bila gundi, kisha ndipo hutia gundi. Huanza kwa chumba cha watu, kwa sababu pande mbili za kiwiliwili zikiisha kufungwa, mkono hauingii tena. Mwisho hupaka rangi: aghalabu kijani kibichi kilichokolea juu, ili ndege isionekane vyema kwa atazamaye kutoka angani, na rangi ya majivu chini. Kazi hii yataka subira. Mwenye haraka huacha alama za vidole katika gundi, na alama hizo hazifutiki.

Wala mtu asiseme ya kwamba mifano ni michezo ya watoto tu. Katika mwaka 1942 serikali ya Marekani iliwaomba wanafunzi wa shule wachonge mifano ya ndege 500,000 kwa mbao, yote kwa kipimo cha 1 kwa 72. Mifano hiyo ilitumiwa kuwafundisha wanajeshi kutambua umbo la ndege kwa mbali, wapate kujua upesi kama ni ya rafiki au ya adui. Kwa asiyejua kutofautisha, kosa lilikuwa ni kumpiga ndugu yake.

Hesabu ya kipimo

Maana ya 1 kwa 72 ni kwamba kila sentimita moja ya mfano husimama badala ya sentimita 72 za ndege. Basi tugawanye. Upana wa mabawa ni sentimita 1,552. Gawanya kwa 72, utapata sentimita 21 na nusu. Urefu ni sentimita 1,030. Utapata sentimita 14 na milimita 3. Mtu mwenye kimo cha sentimita 170 atakuwa na sentimita 2 na milimita 4 tu, yaani hapiti pingili moja ya kidole. Kipimo kingine kipendwacho ni 1 kwa 48, na katika hicho mabawa hufika sentimita 32 na kidogo.

Hata hapa ni kazi nyepesi. Ugumu huanza tukiuliza habari za eneo na uzito. Watu wengi hudhani kwamba urefu ukigawanywa kwa 72, kila kitu hugawanywa kwa 72. Sivyo. Eneo lina urefu na upana, nao wote wawili umepungua. Kwa hiyo eneo hugawanywa kwa 72 mara 72, yaani 5,184. Mabawa ya Kate yalikuwa na eneo la mita za mraba 37 na sehemu 7 za kumi. Katika mfano huwa kama sentimita za mraba 73, yaani hayafikii upana wa kiganja cha mtu mzima na vidole vyake.

Uzito nao huufuata ujazo, na ujazo una urefu, upana na kimo. Basi hugawanywa kwa 72 mara 72 mara 72, yaani 373,248. Ndege pamoja na mzigo wake ilikuwa na kilo 3,800. Kama mfano ungefanyizwa kwa vitu vile vile na kwa unene ule ule uliopunguzwa sawasawa, uzito wake wote ungekuwa gramu 10 tu. Ndiyo sababu siafu akianguka kutoka juu ya mwembe huamka akaenda zake, bali ng'ombe akianguka shimoni huvunjika. Kitu kikikuzwa, uzito wake huongezeka mbio kuliko eneo lake. Aundaye ndege kubwa hupigana na hesabu hiyo kila siku.

Mahali mfano usiposema kweli

Mtu akiushika mfano uliokwisha kuundwa na kukauka, huuona mgumu na imara. Ukuta wake wa plastiki una unene wa milimita moja hivi. Sasa zidisha kwa 72: utapata sentimita 7 na milimita 2. Lau ndege ya kweli ingekuwa na ukuta wa unene huo, risasi ya bombom isingepita. Lakini ndege za miaka ile zilifunikwa kwa bati jembamba la alumini, ambalo unene wake wa kweli ulikuwa kiasi cha ule wa plastiki ya mfano yenyewe. Kama bati hilo lingepunguzwa kwa kipimo sawa, lingekuwa jembamba kuliko karatasi hii unayoisoma. Basi mfano wasema kweli juu ya umbo, wala hausemi kweli juu ya nguvu. Wamwonyesha mtu ngome mahali palipokuwa na ganda la yai.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Turudi kwenye hesabu. Ndege tupu ilikuwa na kilo 2,279. Ikipakiwa ilikuwa na 3,800. Tofauti ni kilo 1,521. Toa topido, kilo 800; zimesalia 721. Toa watu watatu na mavazi yao, tuseme kilo 225. Zimesalia karibu 500. Katika hizo 500 lazima yatoke mafuta ya kuipeleka ndege mbali baharini na kuirudisha, na mafuta ya kulainisha injini, na risasi, na vyombo vingine vyote. Wakuu walitaka topido nzito, na safari ndefu, na mbio. Mafundi wakawapa yote matatu. Kilichotolewa ili hayo yapatikane ni kinga: hapakuwa na bamba la chuma nyuma ya migongo ya watu wale watatu, wala matangi ya mafuta hayakuwa na utando wa mpira wa kujiziba yakitobolewa. Risasi moja yenye moto ikilipata tangi, ndege iliwaka.

Muda wa miezi michache, shauri hilo lilionekana kuwa la busara, kwa sababu adui alikuwa hajajiweka tayari. Kisha siku zikageuka. Tarehe 4 Juni 1942, karibu na kisiwa cha Midway, Kate zilikuwa ndani ya manowari zikivuliwa topido na kuvikwa mabomu, kisha zikaamriwa kuvikwa topido tena, kwa sababu wakubwa walipata habari zilizogeuka geuka. Ndege za Marekani zikatokea juu wakati ule ule. Manowari Akagi, Kaga na Soryu zikapigwa na kuungua pamoja na mafuta na mabomu yaliyokuwa ndani.

Hiryu peke yake ilisalia. Mchana ule ikarusha Kate 10, kiongozi wao akiwa Joichi Tomonaga. Asubuhi tangi la bawa lake la kushoto lilikuwa limetobolewa kwa risasi. Naye akaenda hivyo hivyo. Topido mbili ziliipiga manowari ya Marekani Yorktown. Kate 5 zilirudi. Tomonaga na watu wake wawili hawakurudi. Kabla ya kucha, Hiryu nayo ilikuwa inaungua. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, katika vita vya visiwa vya Santa Cruz, alikufa pia Shigeharu Murata, aliyewaongoza marubani wa topido huko Hawaii. Kampuni ya Nakajima iliunda ndege mpya yenye mbio zaidi iliyoitwa Tenzan. Lakini marubani waliojizoeza miaka mingi hawakuweza kuundwa kiwandani.

Leo hakuna hata Kate moja nzima iwezayo kuruka. Walipotaka kuzionyesha katika sinema mwaka 1970, watengenezaji wa picha iitwayo Tora! Tora! Tora! walizitwaa ndege za Harvard, za kufundishia marubani, wakazibadili umbo zifanane nazo. Hizo nazo zilikuwa mifano tu, ila mikubwa.

Neno kwa walimu na wazee

Hatusemi kwamba kila shule inunue masanduku ya plastiki. Mwalimu aweza kutwaa mti mwepesi, kisu, na rula, akawapa wanafunzi vipimo tulivyoviandika hapo juu, nao wakachonga kama walivyochonga wale wa Marekani. Aweza pia kuchagua jahazi, au daraja la mto wao, au nyumba ya baraza. Kilicho cha maana ni kwamba mwanafunzi apime kitu cha kweli kwanza kwa mkono wake mwenyewe, kisha akipunguze, kisha aulize maswali mawili: Ni nini ambacho mfano wangu umekionyesha? Na ni nini ulichokificha?

Wazee nao waulize vivyo hivyo waletewapo kitu kipya, kiwe ni ramani ya daraja, au gari la abiria, au mashine ya kusaga. Picha huonyesha umbo na rangi. Waulize uzito umewekwa wapi, na kinga imepunguzwa wapi, na ni nani atakayekaa mahali hapo.

Hesabu za kujipima

1. Jahazi lina urefu wa mita 18. Mfano wake wa 1 kwa 72 utakuwa na sentimita ngapi? (Jibu: 25.)

2. Mlango wa nyumba una kimo cha mita 2. Katika mfano wa 1 kwa 48 kimo chake ni kipi? (Jibu: sentimita 4 na karibu milimita 2.)

3. Tangi huchukua lita 1,000 za maji. Mfano wake umepunguzwa kwa 1 kwa 10 kila upande. Utachukua lita ngapi? (Jibu: lita 1. Mwenye kujibu 100 na alisome tena fungu la uzito.)

4. Katika zile kilo 721 zilizobaki baada ya topido, weka watu watatu, kisha weka bamba la chuma la kilo 150 la kuwakinga migongo. Zimesalia kilo ngapi kwa mafuta na mengineyo? Hesabu ya jibu ni nyepesi. Kisha mwalimu awaulize wanafunzi wake kila mmoja: kama wewe ungalikuwa fundi, ungalipunguza nini, na kama ungalikuwa mtu wa kukaa kiti cha nyuma, ungalitaka kipunguzwe nini? Majibu yao yaandikwe ubaoni katika safu mbili, yapate kulinganishwa.